Nilivyokimbia Foleni ya Feri Nikavunja Ndege

Kila mwaka kusi ikishika, huanza kupata simu za vijana waliopata leseni majuzi. Swali lao ni moja: "Kapteni, upepo wa kiasi gani ndio mwingi?" (Ukapteni wenyewe ni wa kipwani tu. Mimi ni rubani wa ndege za injini moja na viti vinne, na huku kwetu hata mwenye mashua mbili huitwa kapteni.) Wanataka nambari. Nami nambari siku ile nilikuwa nayo, tena niliikokotoa sawasawa nikiwa angani, na bado niliivunja ndege. Kwa hiyo huwapa kisa kwanza.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti 2015, Mfunguo Mosi unaelekea kwisha, na harusi zimesongamana kama kawaida baada ya Ramadhani. Binamu yangu alikuwa anaolewa ng'ambo ya Likoni, upande wa Kwale, na nikaha ilipangwa baada ya Alasiri. Babake, ambaye ni ami yangu, ndiye walii. Naye alikuwa Nairobi tangu Alhamisi kwa mazishi ya rafiki yake wa zamani. Ndege za abiria zilikuwa zimejaa, treni ya SGR ilikuwa haijaanza, na basi la usiku alilikataa kwa sababu ya mgongo. Basi nikaufungua mdomo wangu: "Ami, usijitaabishe. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Saa tisa utakuwa hapa, utaswali Alasiri na watu wako."

Nikiulizwa ajali ilianzia wapi, huanzia hapo, kwenye simu, nikiwa nimekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi.

Tuliondoka uwanja mdogo wa Wilson, Nairobi, na Cessna 172 ya kukodi, mimi na Ami mbele, mwanawe nyuma amepakata joho la bwana harusi ndani ya mfuko wa nailoni. Safari ni ya saa mbili na nusu hivi. Tulipokuwa tumeipita Voi nikawasikia watu wa mnara wa Mombasa wakimpa mwingine upepo wa uwanja wa ndege wa Moi: kutoka nyuzi 170, yaani karibu kusini kabisa, noti 18, mikupuo (upepo ukijikaza ghafla) hadi 26. Noti hizi ni za mwendo, si za benki, ingawa nilikuja kulipa zote mbili.

Anayeijua pwani hawezi kushangaa. Kusi asubuhi huwa imelala. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari, matlai, upepo utokao baharini, huongezeka juu ya kusi yenyewe, na kati ya saa nane na saa kumi ndipo upepo huwa na nguvu zake zote. Wavuvi hujua hilo bila kipimo. Mimi niliyekulia Mombasa niliweka saa ya kufika kwa kufuata ratiba ya msikiti, nikaangukia katikati kabisa ya saa mbaya.

Kiwanja nilichokuwa nakiendea kilikuwa cha mtu binafsi, cha murram, urefu kama mita 800, kimelala mashariki na magharibi. Upande wa kusini wake wote ni minazi. Sasa chukua upepo wa 170 na njia ya kutulia inayoelekea 090, yaani mashariki. Kuna hesabu ya saa ambayo kila mwanafunzi hufundishwa: pembe kati ya upepo na njia ikiwa nyuzi 15, robo ya upepo inakupiga ubavuni, nyuzi 30, nusu, 45, karibu robo tatu, ukivuka 60, uhesabu kuwa wote unakuja ubavuni. Yangu ilikuwa nyuzi 80. Kwa hiyo noti 18 zote za ubavuni, na 26 mikupuo ikija. Kitabu cha 172 kinataja noti 15 za ubavuni kama kiasi ambacho ndege ilijaribiwa nacho. Vijana wengi hudhani hiyo ni sheria, wengine hudhani ni dhamana. Maana yake ni kwamba rubani wa kiwanda, mzoefu, akiwa na ndege mpya na njia nzuri, aliwahi kutua hivyo salama. Hakuna mahali kitabu kinaposema wewe utaweza.

Na uwanja wa Moi ulikuwa pale pale Port Reitz, dakika chache nyuma yangu. Njia kuu ya 03/21 ina zaidi ya mita 3,000. (Nambari ya njia ni nyuzi inakoelekea bila sifuri ya mwisho: 21 ni nyuzi 210.) Kwa upepo ule ningetua 21 nikipata ubavuni noti kama 12, mikupuo 17, juu ya lami pana. Tena kuna ile fupi, 15/33, ambayo kwa 172 ni refu la kutosha na kubaki. Kwenye 15 pembe ingekuwa nyuzi 20 tu. Upepo uleule ungenikabili puani, wa omo kabisa kama wasemavyo manahodha, na ubavuni ningebakiwa na noti 6 hivi, mikupuo 9. Mwanafunzi mwenye saa 30 za kuruka angeitua ndege hiyo.

Hesabu hizi nilizifanya. Naweza kukuonyesha hata leo kile kikaratasi cha gotini, 6 na 18 zimeandikwa kwa penseli kando kwa kando. Kisha nikamtazama Ami, nikatazama saa, nikafikiria Port Reitz, Changamwe, Kibarani, mjini, halafu foleni ya kuvuka Likoni siku ya Jumamosi. Barabara ya Dongo Kundu wakati huo ilikuwa bado ndoto. Saa mbili, labda zaidi. Nikaha itasubiri, watu wamekaa mikekani, na kila mmoja atajua ni kwa sababu gani. Nikajiambia: tuangalie kwanza, tukiona haifai tutarudi Moi.

"Tuangalie kwanza" ni maneno ya hatari sana. Yanasikika kama tahadhari, lakini ukiwa tayari umeshusha flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa) na kuwaona watu wako pale chini wakipunga mikono, hakuna unachokwenda kuangalia tena.

Jaribio la kwanza niliingia kutoka magharibi, pua imegeukia kusini nyuzi kama 15, tunakwenda upande kama kaa wa mikokoni. Bado upepo ukanisukuma kaskazini mwa njia. Nikafungua throtoli yote, injini ikatoa nguvu zake zote, nikainua pua, nikapunguza flapu hatua kwa hatua, tukapanda. Vizuri kabisa. Kama kisa kingeishia hapo ningekuwa naandika makala ya kujisifu.

Lakini Ami akauliza kwenye vipokea sauti, kwa upole wake, "Mbona tumepanda tena, mwanangu?" Na chini nilikuwa nimewaona vijana wameinua simu, wanapiga picha. Nilihisi uso umeniwaka. Nikajibu, "Upepo tu, Ami. Sasa tunashuka."

Hapa ndipo ninapotaka msomaji rubani asimame. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi, na jambo hilo lilitumia akiba yote ya ujasiri niliyokuwa nayo. Mara ya pili sikuwa na nafasi ya kupanda tena kichwani mwangu, ingawa mafuta yalikuwepo ya kuzunguka mara ishirini. Mzunguko wa pili rubani huurusha akiwa amekasirika kidogo na ameaibika kidogo, na kwa hiyo anahitaji sharti kali kuliko la kwanza. Mimi nililegeza. Nilijiambia mara hii nitaongeza mwendo ili niwe salama.

Kanuni ya mikupuo ni hii: chukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na mkupuo, igawe mbili, ongeza kwenye mwendo wako wa kutua. Yangu ilikuwa 8, nusu yake 4, kwa hiyo kutoka noti 65 ningekuja na 69. Nilikuja na 80. Nguvu za mwendo hupanda kwa kipeo cha pili, na tofauti hiyo ya noti 11 ilinipa theluthi moja zaidi ya nguvu za kuzimaliza kwenye kiwanja cha mita 800. Ndege ikaelea. Minazi ilikuwa imeukinga upepo, hewa imetulia ghafla, na tunateleza futi tatu juu ya murram kama ngalawa kwenye maji mafu. Nusu ya njia ikapita. Ninakumbuka debe la rangi nyeupe lililowekwa kando kuonyesha katikati. Niliona likinipita dirishani na nikajua, kwa lugha wazi kabisa, kwamba nilipaswa kuondoka.

Nikausukuma usukani mbele, kuilazimisha ndege ishuke.

Gurudumu la pua ndilo lililogonga kwanza. Ndege ikaruka juu kama mpira, na wakati huohuo tukafika pale minazi ilipokuwa imekatwa kupisha njia ya kwenda baharini. Upenyo wenyewe ulikuwa upana wa nyumba mbili. Kusi yote iliyokuwa imezuiwa ikatoka kwenye upenyo huo. Bawa la kulia likanyanyuka, tukasukumwa kushoto, tukaanguka kwa gurudumu la kushoto huku tunateleza ubavu, kisha pua. Mguu wa mbele ukakunjika. Rafadha ikalima murram mara mbili tatu kwa sauti ya mabati yanayoburutwa, injini ikasimama, na vumbi likafunika kioo. Tulipotulia tulikuwa ndani ya shamba la mihogo, ndege imejigeuza kuelekea kusini, yaani kuelekea upepo, kama mashua iliyotia nanga.

Kimya. Nikazima swichi na kufunga mafuta. Halafu Ami akavaa kofia yake vizuri na kuniuliza, "Ndio tushafika?"

Hakuna aliyeumia. Joho halikukunjika hata kidogo. Ami alitoka, akakung'uta kanzu, akatembea hadi msikitini, na Alasiri ikamkuta safu ya mbele. Nikaha ilifungwa kwa wakati. Jioni nzima watu walikuwa wakinipa mkono na kuniambia nilifanya kazi kubwa, eti nimemfikisha walii. Hilo liliniuma kuliko lawama yoyote.

Sitachukua muda kwenye yaliyofuata. Taarifa kwa wanaohusika, maswali, bima iliyolipa sehemu. Rafadha ikigonga ardhi injini ikiwa inazunguka, injini hiyo hufunguliwa na kukaguliwa ndani, hata kama kwa nje ni nzima, kwa hiyo usidhani utabadilisha panga na kuendelea. Ndege ilikaa chini miezi saba.

Sasa ushauri, kwa mtindo wangu wa kurukaruka.

Nambari yako iandike chini, kabla hujawasha injini, na iwe yako. Mimi sasa kwa 172, kiwanja kifupi, nikiwa na abiria, ni noti 10 za ubavuni, na mikupuo nahesabu ya juu. Peke yangu kwenye lami pana ni zaidi. Nikikaa miezi miwili bila kutua kwenye upepo naishusha. Hii si aibu, mkono unasahau. Tena usijifunze upepo kwa maneno: mchukue mwalimu, nendeni uwanjani saa nane mchana mwezi wa Julai, mtue mara kumi. Wengi wetu mafunzo tuliyafanya asubuhi hewa ikiwa kama maziwa, leseni tukaipata, halafu kusi ndiyo inakuja kutufanyia mtihani.

Lakini nambari peke yake, nimeshasema, haitoshi. Kilichonishinda mimi ni watu. Kwa hiyo jambo ambalo nimelibadilisha kabisa ni mazungumzo ya kabla ya safari. Simwambii tena mtu yeyote nitafika saa ngapi. Ninamwambia hivi: tunajaribu kiwanja kile, upepo ukikataa tunatua Moi na mtatafuta gari, na kuna uwezekano mkubwa hivyo ndivyo itakavyokuwa. Namwambia abiria pia, tukiwa bado chini: ukisikia injini inanguruma karibu na ardhi tukapanda, usiulize kitu, ndiyo kazi yenyewe. Ningekuwa nimemwambia Ami maneno hayo Wilson, asingeuliza lile swali. Na asingeuliza, huenda nisingejibu kwa mkono.

Nawajua marubani wa ndege kubwa watakaosema haya ni matatizo ya vindege vyetu. Taasisi ya Flight Safety Foundation iliwachunguza wao hasa, marubani wa mashirika, ikakuta kwamba katika safari ambazo ndege inakuja kutua bila kutulia sawasawa, ni kama 3 tu kati ya 100 zinazoachwa na kuzungushwa upya. Zilizobaki wanaendelea nazo hadi chini. Na hao wana marubani wawili, kompyuta, na vitabu vya taratibu. Kama wao wanaona haya kupanda tena, sembuse mimi na shemeji zangu wanaonirekodi.

Kwa hiyo weka alama inayoonekana kwa macho. Yangu ni hii: futi 500 niwe nimenyooka na mwendo uko pale ninapoutaka; magurudumu yasipogusa ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, throtoli yote. Nitafute debe jeupe kwenye kila kiwanja, au mti, au kichuguu. Likipita, mjadala umekwisha. Majaribio ni mawili tu. La pili likishindikana sikai pale kuzunguka kama mwewe juu ya vifaranga. Naondoka kwenda penye lami.

Kwenye kutua kwenyewe, kuna wanaokuja kama kaa mpaka mwisho wakanyoosha pua dakika ya kugusa, na kuna wanaoinamisha bawa la upande wa upepo mapema ili wasisukumwe nje ya mstari wa kati, huku wakiinyoosha pua kwa pedali. Mimi nimehamia huku kwa pili, kwa sababu ukiinamisha mapema unajua mapema: pedali ikiwa imefika mwisho na pua bado inavutwa, ndege inakuambia upepo huu umeizidi. Gurudumu la upande wa upepo liguse la kwanza, na ni sawa kabisa. Kisha usiachie. Watu hushusha pumzi magurudumu yakigusa, na usukani wakaulegeza. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo unavyouzungusha usukani zaidi kuelekea upepo, mpaka mwisho wake, na unabaki hivyo hadi ndege imalize kukimbia kwenye njia. Mwenye mashua hafungui tanga ovyo ati kwa kuwa ameiona gati.

Minazi. Tazama kila upenyo kwenye safu ya miti upande wa upepo, na nyumba, na kontena. Upepo ulioonyeshwa na soksi ya upepo mwanzo wa njia huenda si ule utakaoukuta katikati.

Na jambo moja ambalo halikunitokea, lakini ndilo linaloua. Ajali kama yangu mara nyingi huvunja chuma na majivuno. Ile kona ya mwisho, unapogeuka kujipanga na njia, ndiyo huvunja watu. Upepo ukiwa unakusukuma kutoka nyuma kwenye kipande cha safari kabla ya kona, unaupita mstari bila kutaka, na mkono unashawishika kukaza kona, na mguu unashawishika kusaidia kwa pedali. Ukilaza ndege nyuzi 45 huku ukishikilia kimo chako, mwendo ambao bawa huishiwa nguvu hupanda kwa karibu asilimia 20; nyuzi 60, zaidi ya asilimia 40. Ongeza pedali ya ziada, bawa moja linaachia kabla ya jingine, na ndege inazunguka kama pia kutoka futi 500, ambapo hakuna nafasi ya kuiokoa. Ukiupita mstari, uache upite. Nyoosha mabawa, panda, rudi upya. Mimi kona yangu haivuki nyuzi 30, iwe harusi iwe mazishi.

Mwaka jana Julai yule binamu aliniomba nimlete Ami tena kutoka Nairobi, safari hii kwa maulidi. Ami sasa ni mzee sana, anatembea kwa mkongojo, na bado anapenda kukaa mbele. Nilimwambia binamu maneno yangu ya siku zote, kwamba huenda tukaishia Moi. Tulipovuka Voi upepo ukasomwa 160, noti 20, nikampigia mnara kuomba Moi bila hata kwenda kukitazama kile kiwanja. Tulipozima injini nikawasha simu nimwambie binamu atume gari.

"Liko nje hapo tangu saa saba," akanijibu. "Dereva ameshalala."

Tulipita Dongo Kundu. Ami alisinzia njia nzima.